Fundi Aliyeliogopa Daraja Lake

Walisema hataweza. Pale Tunduma, kwenye vibanda vya chai vinavyotazamana na foleni ya malori, walisema mtu anayeogopa kupanda ngazi ya kubadilishia balbu hawezi kujenga daraja. Walisema atakimbia akiona maji. Dalali mmoja wa vipuri alisema mbele yangu, "Huyo mzee hata tela analizunguka mara saba kabla hajaligusa. Daraja atalizunguka mpaka afe." Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, sikatai. Nilikuwa nimerudi kutoka Kitwe na diploma ya uhandisi mitambo, niliyoipata kwa kusoma jioni huku mchana nikishika grisi kwenye karakana ya mgodi, bila mjomba wala shangazi wa kunilipia hata daftari. Niliamini kwamba katika mji ule mzima hakuna mtu wa kunifundisha kitu kuhusu chuma.

Alikuwepo mmoja.

Mafundi Tunduma ni wengi: fundi redio, fundi pikipiki, fundi cherehani. Yeye hakuwa na nyongeza. Ukisema Fundi, mtu anakuonyesha ile karakana ya mabati nyuma ya maegesho ya malori, ambako matela yaliyokufa yalilala yamepangana kama mifupa ya ng'ombe. Alikuwa mfupi, mwenye kofia ya sufi hata kwenye joto, na mikono yenye madoa ya cheche hadi viwikoni.

Aliogopa vitu vingi, na hakuona sababu ya kuficha. Aliogopa mbwa, radi, maji yanayotembea, na simu inayoita kabla jua halijachomoza. Alipokwenda kwa ndugu zake huko Mbebe, kwenye milima ya Ileje, alipanda nyuma ya pikapu akamwomba jirani yake amguse bega kila wakishamaliza daraja, ili afumbue macho. Na tangu nimjue, hakuwahi kutembea juu ya kitu alichokijenga mwenyewe. Hata kijidaraja cha mtaro mbele ya karakana yake, alichokichomelea kwa mikono yake, alikizunguka.

Lakini mtu huyohuyo alikuwa na tabia iliyowatoa jasho madereva. Akishatengeneza tela, alilifuata hadi ghalani lilikopakiwa, akaingia chini yake na kulala chali. Alikuwa na nondo fupi: ncha moja aliigusisha kwenye kiungo alichokichomelea, ncha nyingine akaiweka sikioni. Kisha akasema, "Pakieni." Mifuko ya saruji ikaanza kudondoka juu ya tela, mmoja baada ya mwingine. Nakumbuka dereva mmoja wa Zambia akichuchumaa na kumwita kwa Kibemba, "Fumeniko, ba Fundi, mukwai!" Alimsihi atoke huko, karibu alie. Fundi akajibu, "Nikitoka wewe ndiye utakayeingia?"

Mzigo ukiisha kupakiwa, alitoka kinyumenyume akiwa mweupe kwa vumbi, akasema neno moja kati ya mawili. "Nenda," au "Shusheni." Aliyeambiwa shusheni alishusha. Mmoja alibisha, na tela lake likakatika kabla hajafika hata Mpemba, mji wa hapo jirani.

Nilimuuliza siku moja, "Fundi, unaogopa mbwa lakini huogopi tani thelathini?"

"Naogopa sana, mwanangu. Nikiwa nje naogopa bila kujua kitu. Nikiwa chini naogopa huku nasikia."

Kwa nini alikuwa hivyo, alinieleza mara moja tu, akiwa anapanga vijiti vya kuchomelea na hanitazami. Ujanani, kwao milimani, aliwatengenezea watu kivuko cha magogo. Asubuhi moja alipita juu yake akasikia gogo likilia. Akajiambia ni unyevu. Mchana jirani yake akapita na mkokoteni wa maksai. "Maksai tuliwapata," alisema. "Yeye tulimpata siku ya tatu." Akaendelea kupanga vijiti.

Alipenda kusema, "Umeangalia? Angalia tena." Aliwaambia vibarua, wateja, hata mke wake akichagua nyanya. Ilikuwa inakera. Ukishakuwa na diploma, kuambiwa angalia tena na mtu aliyeishia darasa la nne si jambo jepesi.

Kazi ya daraja ililetwa na Mama Kulwa. Ilikuwa miaka ile Chitete ndiyo kwanza inazoea kuwa makao ya wilaya, na barabara ya kushuka Kamsamba bado ilikuwa ya kuomba Mungu. Mama Kulwa alikuwa mfugaji aliyehamia huko bondeni na familia yake, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kuita ng'ombe, na kijiji kilikuwa kimempa uenyekiti wa kamati. Walikuwa na korongo ambalo kila masika liliwatenga na mnada na zahanati. Kujenga daraja la zege hawakuweza. Lakini alikuwa amepita Tunduma akaona matela yaliyotupwa.

"Hili lilibeba tani thelathini kutoka bandarini," alimwambia Fundi akilipiga tela teke. "Likilala juu ya korongo langu, si daraja?"

Fundi alikataa. Mama Kulwa akarudi, Fundi akakataa tena. Safari ya tatu Mama Kulwa hakuomba. Alisema tu, "Watoto wetu wanavuka wameshika mikia ya ng'ombe," akaaga. Fundi akamfuata hadi barabarani.

Alitoa sharti moja: kabla chuma hakijakatwa, mtu apige hesabu. "Mimi nasikia kitu kikishabeba," alisema. "Hiki nataka kujua kabla." Ndipo akaja ofisini kwangu. Tunduma nzima walikuwa wameomba waione diploma yangu. Yeye ndiye pekee aliyeomba niitumie.

Nililichora daraja lote ndani ya laptop: chesi tatu za matela, yaani fremu zake za chini, zimeunganishwa kichwa kwa mkia, boriti zake, bolti zake, kuta zake za pembeni. Baada ya hapo programu inalikatakata lile daraja la kwenye kioo vipande vidogo kama punje za mpunga, maelfu kwa maelfu. Unaweka mzigo, na kila punje inatakiwa iseme inabanwa kiasi gani. Ni hesabu nyingi kupita kiasi. Laptop yangu ilihangaika mchana kutwa, ikawa ya moto kama pasi, ikazima. Siku ya pili umeme ulikatika kazi ikiwa katikati.

Hapo nikafanya jambo ambalo hakuna mtu kuanzia Mlowo hadi mpakani aliyekuwa amelifanya, na hilo nitalisema hadi nizikwe. Kuna kampuni za nje zenye majumba yaliyojaa kompyuta zenye nguvu. Unazikodi kwa saa kupitia intaneti, unapeleka faili lako, zinagawana hesabu kwa pamoja, zinakurudishia jibu. Sisi wa fani huita wingu. Nililipa kwa kadi yangu ya benki ya Zambia, ambayo bado ilikuwa hai. Modemu niliifunga dirishani kwa waya, maana ikigeuka kidogo tu ilishika mtandao wa ng'ambo ya mpaka na kumeza salio lote.

Fundi alikaa kando yangu, kofia magotini, akitazama mstari wa kupeleka faili ukisogea.

"Hizo kompyuta ziko wapi?"

"Mbali, Fundi. Ulaya, labda Amerika."

"Labda?"

"Haijalishi. Kazi ni ileile."

"Na nani amelala chini yake?"

"Hazihitaji mtu chini yake."

Aligeuza kofia, akaitazama ndani kama vile ameandika kitu humo.

Kazi iliyoishinda laptop kwa siku mbili ilirudi kabla chai yetu haijapoa. Daraja lilitokea kwenye kioo likiwa na rangi: buluu mahali penye amani, kijani mahali penye kazi. Njano ni tahadhari na nyekundu ni hatari, lakini hizo hazikuwepo kabisa. Niligonga meza. Nilimwambia kwamba hata Kitwe wangenipigia makofi.

"Angalia tena," alisema Fundi.

Sikuangalia tena.

Tulilijenga kiangazi. Chesi zilisafirishwa kwa lori, zikavutwa juu ya korongo kwa winchi za kukwamulia malori, huku Fundi akisimamia kutoka mbali, ameshika mti kwa mkono mmoja. Kijiji kilishangilia. Tulipomaliza, mvua za kwanza zilikuwa zimeanza, na mimi nilirudi Tunduma. Yeye alibaki siku chache kupaka rangi, na katika siku hizo alifanya jambo ambalo mimi sikuwaza kulifanya: alikaa kwenye kivuko cha zamani kule chini, akatazama ng'ombe wakivuka.

Alirudi na uso kama majivu. Hakusubiri shikamoo yangu.

"Injinia, ng'ombe uliwapanga vipi humo ndani?"

"Uzito wao wote upo, Fundi. Na ziada nimeweka."

"Sijauliza uzito. Nimeuliza uliwapangaje."

Niliwapanga kama nilivyofundishwa. Kitwe, zoezi letu kubwa lilikuwa njia ya chuma wanayopita wachimbaji wakati wa kubadilishana zamu: watu wametawanyika sawasawa mwanzo hadi mwisho, kila mmoja na nafasi yake. Nilichukua lile zoezi, nikatoa wachimbaji, nikaweka ng'ombe.

"Sikiliza," alisema. "Ng'ombe wa mbele akifika mahali akaona maji yanapita chini, anasimama. Wa nyuma hawajui. Wanasukuma, wanapandana, wanakuwa rundo. Na rundo lote linaegemea upande ule maji yanakotoka, kwa sababu wanaogopa kule yanakokwenda." Akafuta uso kwa kofia. "Mimi ng'ombe wale nawaelewa kabisa."

Niliwapanga upya: kundi zima limesongamana kwenye theluthi ya kwanza ya daraja, upande mmoja. Nikapeleka faili. Nilijiambia litarudi la kijani. Liliporudi, mahali chesi ya kwanza inapokutana na ya pili palikuwa pekundu kama kaa la moto, na daraja lote limejipinda kama mtu anayegeuka usingizini.

Fundi aliweka kidole pale kwenye kioo, taratibu. "Hapa panalia," alisema.

"Watu wakipita tu, halina shida," nilisema. "Mifugo bado inapita kwenye kivuko cha chini."

"Mvua imenyesha milimani jana. Kivuko cha chini kimefungwa." Kisha akauliza, ingawa alijua, "Mnada wao ni lini?"

Ulikuwa kesho yake.

Simu ya Mama Kulwa haikupatikana. Kule bondeni mtu hupanda juu ya kichuguu ndipo apate mtandao, na hakuna anayepanda kichuguu bila sababu. Tukaondoka mchana uleule kwa pikapu yangu. Baada ya Chitete tope lilitushika, tukalala humo garini. Sikupata usingizi. Kila nilipoyafumba niliona ile nyekundu. Niliogopa kwa ajili ya wachungaji, ndiyo, lakini nikisema kweli yote, niliogopa pia jina langu. Fundi naye alikesha. Alishika tu ile nondo yake fupi.

Tulifika jua likiwa limepanda. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani, wanateremka darajani. Fundi aliruka kabla gari halijasimama. Sijawahi kumwona akikimbia, si kabla wala baada ya siku ile. Alipita pembeni mwa kundi, akafika kwenye mdomo wa daraja, akageuka, mgongo kwenye maji, akatandaza mikono.

"Bebe, wewe mzee! Toka hapo!" mchungaji mmoja wa Kisukuma alifoka. "Mnada unafungwa!"

"Pitisha juu yangu."

"Umelewa?"

"Pitisha juu yangu, nimesema."

Pembe za ng'ombe wa mbele zilikuwa hatua mbili kutoka kifuani kwake. Hakusogea.

Mama Kulwa alifika akipenya katikati ya mifugo. "Fundi, si ni wewe uliyesema limekwisha?"

"Ni mimi. Nilisema vibaya."

"Na Injinia je?"

Ningeweza kusema kompyuta za watu zimekosea. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini yule mzee alikuwa bado amesimama pale na mikono yake imetandazwa. Nikasema, "Mama, niliwapanga ng'ombe wenu kama watu wa foleni."

Kisha Mama Kulwa akaangua kicheko kisicho na furaha hata kidogo. "Bebe Injinia! Hiyo kompyuta yako imewahi kuchunga?"

Walirudisha mifugo. Mnada ukawapita. Waliotegemea kuuza siku ile walitutukana kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na nilielewa vyote viwili.

Kurekebisha kulichukua wiki kadhaa. Tuliongeza sahani nene za chuma na mikono ya kukinga chini ya kile kiungo. Mama Kulwa akasema mdomo wa daraja uwe kama josho, ule uchochoro mwembamba wa kuogeshea mifugo ambamo ng'ombe hupita mmojammoja. Ni wazo zuri kuliko yote ya daraja lile, na halikutoka kwenye diploma. Nilipeleka hesabu mpya kwenye zile kompyuta za kukodi, zikarudi za buluu. Fundi akasema, "Sasa piga kana kwamba uchochoro umevunjika na ng'ombe wamerundikana." Nikapiga. Pale kwenye kiungo palikuwa pa njano. "Angalia tena." Safari hii niliangalia tena, mara tatu, hadi saa zangu za kukodi zikaisha; njano ilibaki njano, haikuwa nyekundu.

Lakini kijiji hakikutaka tena picha za rangi. Walisema chuma kile kiuzwe skrepa. Hapo ndipo Fundi aliposimama mkutanoni, kofia mkononi, akaomba kukopeshwa. Hakuomba hela. Aliomba mpunga.

"Nikopesheni magunia yenye uzito wa kundi," alisema. "Nitayarundika pale ng'ombe wanaporundikana. Likishika, kila mtu nitamrudishia gunia lake. Lisiposhika, mpunga wenu umekwenda, na mimi nimekwenda nao, maana nitakuwa chini."

Hakuna aliyecheka. Mama Kulwa alitoa manne ya kwanza. Wengine wakafuata, kila mmoja akiweka alama yake: mkaa, uzi mwekundu, fundo la kitenge. Mpunga ule ulikuwa mavuno yao ya mwaka.

"Na wewe kopesha," Fundi akaniambia.

Nilitoa kiroba cha mchele cha kilo ishirini na tano nilichokuwa nimejinunulia cha nyumbani. Nikakiandika jina langu, na chini yake, Dip.

"Injinia kakopesha kiroba!" wakapiga kelele, na hapo walicheka.

Siku ya kupakia, Fundi aliingia korongoni. Maji yalikuwa ya magoti, rangi ya chai ya maziwa. Akaweka nondo kwenye kiungo, akanitazama.

"Njoo."

"Mimi nibaki juu nihesabu magunia, Fundi."

"Mama Kulwa anajua kuhesabu."

Niliteremka. Sijui niseme vipi jinsi chuma kinavyokuwa kikubwa ukiwa chini yake. Fundi aliikaza ncha moja ya nondo kwenye kiungo, akainamisha ya pili. Akaiweka kwenye sikio langu. Gunia lilishuka, chuma kikaguna. Jingine. Kikaguna.

"Hiyo?" niliuliza.

"Hiyo inakaa tu."

Magunia yalizidi. Kisha ikaja sauti nyembamba, ndefu, kama kucha kwenye bati.

"Na hiyo?"

Akafumba macho. "Nadhani ni bolti mpya zinajipanga."

"Unadhani? Una uhakika?"

"Sina. Sikiliza."

Tulisikiliza, vichwa vimegusana juu ya nondo moja, gunia baada ya gunia, hadi Mama Kulwa alipopaza sauti kwamba yamekwisha. Ile sauti haikurudi. Fundi hakusema nenda wala shusheni. Alisema yalale pale hadi kesho.

Kesho yake ndiyo siku ninayomkumbukia, na sasa amekwishatangulia mbele ya haki. Asubuhi nilivuka kwa miguu majini kwenda kukagua nguzo ya ng'ambo. Ndivyo nilivyowaambia watu; ukweli ni kwamba sikutaka kulikanyaga daraja. Kufikia mchana maji kutoka milimani yalikuwa yamepanda hadi kifuani mwa mtu. Fundi alisimama ukingo wa pili akirudisha magunia. Alisoma alama moja moja, akamwita mwenye gunia, akamwuliza, "Ni lako? Limetimia?" Waliojibu ndiyo walijitwisha. Wenye nyumba upande wangu walivuka nayo juu ya daraja, wakicheka, wakirukaruka makusudi. Mpaka hakukuwa na mtu wa kudai.

Kikabaki kiroba changu.

Nilidhani atamtuma mtu. Alivaa kofia yake, akakiweka begani, akapita kwenye uchochoro wa josho. Alipokanyaga chuma alisimama, kama wale ng'ombe aliowaeleza. Kisha akaanza kutembea, ameegemea upande ule maji yanakotoka, macho wazi, midomo ikitikisika. Kwenye kiungo alisimama tena. Alisikiliza. Akaendelea.

Alikitua miguuni pangu. Shati lake lilikuwa limelowa kama aliyeogelea.

"Soma."

Nikasoma jina langu. "Ni changu, Fundi. Kimetimia."

"Basi hakuna anayenidai."

"Lakini gari langu liko ng'ambo ulikotoka," nilisema. "Na maji yamejaa."

"Najua," alisema Fundi, akaketi chini, akavua kofia.

Nilikiinua kiroba, nikakiweka begani, nikakanyaga chuma.